"Analipa kwa fedha yake"



Kuna usemi unaozunguka katika vikundi vyetu, na wengi wanaudhania kuwa hekima: "Analipa kwa fedha yake, inakuhusu nini?" Husemwa hasa pale kijana anapopata kazi katika kampuni ya migodi, akaacha lupango la wazazi kule Katuba au Kenya, akahamia katika jumba jipya la ghorofa katikati ya Lubumbashi. Picha husambaa katika simu: baraza inayotazama taa za barabara, jenereta inayowaka SNEL inapokata umeme, tangi la maji kwa siku ambazo bomba la REGIDESO ni kavu. Chini kuna maduka, baa na muziki hadi usiku wa manane. Tunampongeza, tunamtamania, tunanyamaza.

Mimi leo sinyamazi. Sikusudii kulaani starehe. Kutamani maji, umeme na mlango unaofungika si dhambi. Kila mkazi wa mji huu angestahili kuvipata. Ninaupinga usemi wenyewe, kwa sababu si wa kweli.

Kwanza, fedha hiyo mara nyingi si yake. Tufanye hesabu. Tuseme kodi ni dola 800 kwa mwezi. Mwenye nyumba anadai garanti ya miezi sita: dola 4,800. Komisioneri aliyemwonyesha nyumba anataka kodi ya mwezi mmoja: dola 800 nyingine. Kabla ya kulala humo usiku wa kwanza, kijana amekwisha kutoa dola 5,600. Ni mshahara gani wa mwanzo unaozaa fedha hiyo? Sehemu imetoka katika likelemba ya mama; sehemu kwa mjomba aliyekuwa ameiweka kwa ajili ya masomo ya wadogo. Baraza inaonekana katika picha, lakini deni halionekani.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, garanti hiyo inavunja sheria. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangishaji wa nyumba zisizo za biashara, inaagiza kwamba garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Ni sheria ya nchi nzima. Inawahusu wenye majumba ya mtaa wa Golf sawasawa na wenye vyumba vya Katuba. Mbona basi haifuatwi? Tunazoea kujibu kwamba serikali imelala. Jibu hilo lina ukweli, lakini linatupendeza mno kwa kuwa linatuondolea lawama. Desturi mbaya huishi pia kwa sababu wenye uwezo huilipia bila kuuliza. Mwenye nyumba mmoja akipewa miezi sita, jirani yake anajifunza. Komisioneri anaichukua habari kutoka avenyu hadi avenyu, maana kazi yake ni hiyo. Mwishowe chumba cha dola 60 nacho kinadai miezi sita, yaani dola 360 kwa mkupuo. Mwalimu anayelipwa kwa faranga, au mama anayeuza makala, atazitoa wapi? Mlango umefungwa mbele yake, na mmoja wa walioufunga ni yule tuliyekuwa tukimpongeza.

Utaniambia: "Nikikataa, mwingine ataichukua nyumba." Huenda. Lakini tazama ni nani mwenye nguvu ya kukataa. Mama muuza makala hana. Akibishana, atalala nje na watoto. Mwenye mshahara wa kila mwezi ndiye mpangaji ambaye kila mwenye nyumba anamtafuta. Yeye akisema "mitatu, kama sheria inavyotaka", atasikilizwa kabla ya wengine wote. Aliyepewa sauti asiitumie kwa kuagiza vinywaji tu kutoka barazani.

Kwa hiyo yafanyike haya. Kijana anayetafuta nyumba adai mkataba ulioandikwa na stakabadhi ya garanti. Siku ya kuingia aandike pamoja na mwenye nyumba hali ya kuta, milango na mabomba, ili siku ya kutoka garanti isiliwe kwa kisingizio. Kikundi cha parokia kiwe na daftari la wenye nyumba wanaoiheshimu miezi mitatu, na wapangaji wapya waelekezwe kwao. Nao wenye nyumba, ambao baadhi yao tunaketi nao benchi moja kila Jumapili, waambiwe kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno: anayedai miezi sita anamdhulumu jirani yake, hata akitoa sadaka kubwa.

Ukipata uwezo wa kukaa katikati ya mji, kaa. Ila usiseme tena kwamba fedha yako inakuhusu wewe peke yako. Kiasi unachokubali leo ndicho mwenzako atakachodaiwa kesho.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Katika mtaa wetu wenye nyumba wanadai garanti ya miezi mingapi? Nani kati yetu amewahi kuuliza kwa nini?
2. Ni gharama gani tunazowabebesha wazazi ili tuonekane tumefaulu?
3. Nani ataanza daftari letu, na lini?