Kutu Isizikwe kwa Rangi



Ijumaa iliyopita, baada ya Swala, tulijiwa katika ofisi ya kamati ya msikiti na ndugu watatu wa mtaa wetu hapa Morogoro Mjini. Baba yao, Allah amrehemu, ameacha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1956, iliyolala chini ya mwembe kwa zaidi ya miaka ishirini. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu alitaka kuinunua kwa kilo. Mtu mwingine, kutoka Dar es Salaam, anaitaka ili aifufue, na bei yake ilikuwa kubwa zaidi.

Kaka mkubwa alishauri bodi ipigwe puti na rangi, kisha gari litangazwe kuwa linauzwa "kama lilivyo". Hakuwa na tamaa ya nafsi yake. Marehemu ameacha deni la matibabu, nalo hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa. Dada yao, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, alikataa.

Tulikwenda kulitazama. Mvua za Uluguru hazikulihurumia bati lile. Sakafu ya nyuma imeliwa hata ardhi inaonekana, na chesisi ina ufa karibu na gurudumu. Injini ya silinda sita, yenye ukubwa wa takriban lita 3.9, imekamata. Lakini milango yote ipo, na mapambo yake ya nikeli ni yale yale ya kiwandani. Kwa mwenye kufufua magari, hayo ni mali.

Ndugu wasomaji, neno "kama lilivyo" si ngao. Katika madhehebu yetu ya Shafi, muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa hasalimiki kwa kutamka tu kwamba hahusiki na aibu zake. Mnunuzi akiigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa, anayo hiyari ya kurudisha. Na puti juu ya ufa ni zaidi ya kunyamaza: ni kuficha.

Imepokewa kwamba sahaba Wathila bin al-Asqa', Allah amridhie, alikuwapo ngamia alipouzwa kwa dirhamu mia tatu. Mnunuzi alipoondoka, Wathila alimkimbilia na kumuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibiwa kuwa ni kwa kupanda, alimjulisha kwamba ukwato wa ngamia huyo una tundu. Mnunuzi akarudi, na bei ikapunguzwa dirhamu mia. Muuzaji alilalamika kuwa biashara yake imeharibiwa. Wathila akamkumbusha ahadi waliyompa Mtume, rehema na amani zimshukie, ya kumtakia mema kila Muislamu.

Swali lile ndilo la mwembeni. Anayenunua vyuma kwa kilo, ufa haumdhuru. Anayekusudia kulirudisha gari barabarani na kuwapakia wanawe, ufa ule waweza kumuua.

Tuliwashauri mambo manne. Warithi wote waridhie kuuza, akiwamo mama yao. Fundi asiye wa upande wowote alikague gari na aibu zake ziandikwe. Mnunuzi aliangalie kwa macho yake, na atie saini kwenye orodha hiyo mbele ya mashahidi wawili. Kadi ya gari, ambayo bado ina jina la marehemu, ihamishwe kwa mnunuzi kupitia TRA, lisije likabaki mikononi mwa mtu mwingine kwa jina la maiti.

Mnunuzi alikuja Jumanne, akalala chini ya gari, akausoma ule ufa kwa kidole. Alipunguza robo ya bei, kisha akalipa. Deni limelipwa, kilichobaki ni kidogo. Mama alipewa thumuni yake, na watoto wakagawana kwa mafungu yao, la mwanamume likiwa sawa na mawili ya mwanamke. Kaka mkubwa alipokea fungu lake bila kusema neno.

Twamuomba Allah atie baraka katika kidogo cha halali, na amsamehe marehemu. Aamin.