Mbu Mgeni Katika Pipa la Maji

Wengi wetu tulifundishwa kwamba malaria ni ugonjwa wa mashambani na wa majira ya mvua. Mbu wake huzaliwa katika madimbwi. Kwa hiyo sisi wa mjini, kiangazi kikifika, hupumua. Mafundisho hayo si uongo, ila siku hizi hayatoshi.

Yuko mbu mgeni ambaye wataalamu humwita Anopheles stephensi. Kwao ni nchi za Asia, kama India na Pakistan. Mwaka 2012 alionekana Djibouti. Mwaka huo nchi hiyo ilihesabu wagonjwa 27 tu wa malaria; mwaka 2020 walizidi 73,000, na mbu huyu anatajwa kuwa sababu mojawapo kubwa. Mwaka 2016 alionekana Ethiopia, na mwishoni mwa 2022 akapatikana Marsabit, Kenya.

Mgeni huyu hupenda maji yetu ya akiba: pipa, tangi, ndoo iliyosahauliwa uani. Bomba likikauka, sisi hujaza vyombo, naye hupata pa kutagia. Mwaka 2022 mji wa Dire Dawa, Ethiopia, ulipatwa na mlipuko wa malaria wakati wa kiangazi, na watafiti walimkuta katika vyombo vya maji karibu na nyumba za wagonjwa.

Chandarua tusikiache. Lakini mbu huyu huweza kuuma hata jioni mapema, watoto wakiwa bado nje, na dawa nyingi za kupuliza hazimwui tena kwa urahisi. Basi kazi kubwa imo mikononi mwetu:

1. Kila chombo cha maji kiwe na kifuniko kinachobana. Kisipokuwapo, tufunge kitambaa kizito kwa kamba, kisilegee kikagusa maji.

2. Yai huchukua yapata juma moja au mawili hata kuwa mbu. Kwa hiyo kila juma tumalize maji ya pipa, tulisugue ndani, ndipo tujaze tena. Masalio yenye viluwiluwi tuyamwage juu ya udongo mkavu, wafe.

3. Tangi kubwa lisilomwagika kwa urahisi tulifunike kwa wavu wenye matundu madogo sana, pamoja na tundu la kufurikia.

4. Mtoto akishikwa na homa, hata kiangazi, hata kama hajasafiri, tusiseme ni meno tu. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, apimwe damu. Mama mjamzito vivyo hivyo, kwa maana malaria humdhuru yeye na aliye tumboni.

Tena tusisahau majirani. Pipa moja lililoachwa wazi huzaa mbu wa kuuma watoto wa mtaa mzima. Tukikutana bombani au sokoni, tukumbushane kwa upole, na aliye na mfuniko wa ziada ampe mwenzake.