Msichome Madaftari Yenu

Mwezi uliopita tulitembelewa kijiweni kwetu na mzee mmoja wa vitabu. Sisi ni vijana saba, tunakutana kila Jumamosi uani kwa mwenzetu, Magomeni, tunasomeana miswada. Mzee alitusikiliza vizuri, hilo namshukuru. Lakini mwisho akatoa nasaha: kama mnataka kuwa waandishi wa kweli, yale mliyoandika mkiwa shule yachomeni moto, ni mambo ya kitoto. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Na kwa kuwa pale sikuthubutu kumjibu mkubwa mbele za watu, namjibu hapa.

Mzee wangu, kwa heshima zote, umekosea. Na nyie mliopiga makofi mmekosea zaidi, maana mzee ameshaandika vyake, sisi bado hata kimoja hatujamaliza.

Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha pili. Nilikuwa naandika hadithi za upelelezi kwenye kaunta buku. Kachero wangu aliitwa Sufi, ana pikipiki nyekundu na haogopi mtu. Yalifika madaftari manne. Darasa zima likawa linayagombania. Mwenye zamu analala nalo usiku mmoja tu, asiporudisha kesho yake anasutwa. Mwalimu akakamata moja, akasoma ukurasa mbele ya darasa kwa sauti ya kubeza, akasema takataka. Wakati huo tulikuwa na Takadini na Watoto wa Mama N'tilie. Ni vitabu vizuri, lakini tulivisoma kwa kuwinda dhamira na maudhui ya kujibia mtihani. Hakuna aliyetuambia kuwa na sisi tunaweza kuandika.

Nilipomaliza kidato cha nne nikajiona mtu mzima. Nikajifunza majina mawili: riwaya dhati na riwaya pendwa. Nikaamua mimi ni wa dhati. Madaftari nikayatupia ndani ya sanduku la bati, nikaanza riwaya ya kijana anayekaa dirishani akiwaza. Anawaza juu ya jamii, juu ya wakati, juu ya nafsi. Miaka mitano, kurasa 60, na bado hajatoka chumbani! Washikaji wakaisifia, wakasema nzito. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kinachofuata, na mimi mwenyewe nikiifungua nasinzia.

Masika yaliyopita maji yakaingia ndani kwetu Kigogo. Tukawa tunaanua vitu na kuvitandaza juani. Mama akafungua lile sanduku, akaniita: "Baba, haya makaratasi yako bado unayataka, au niwashie mkaa?" Nilitaka kumwambia washa. Nikasema ngoja kwanza niyaangalie.

Nikakaa barazani nikasoma yote manne mpaka jua likazama. Sitawadanganya, niliona aibu. Sufi anakwenda London na huko anakula chipsi mayai. Wanawake wote ni warembo na wote ni wasaliti, hakuna hata mmoja mwenye kazi wala mwenye mama. Kila kachero akikwama, simu inalia na mtu asiyejulikana anamwambia kila kitu. Sasa hayo nani atayatetea? Mimi siyatetei.

Lakini nikaona na mengine. Konda wangu wa daladala anaongea kama konda. Mama muuza samaki anatukana kama mama muuza samaki. Mtoto wa miaka 15 alikuwa anajua kuumaliza ukurasa mahali ambapo huwezi kulala bila kufunua mwingine. Kitu hicho mimi wa miaka 27, mtu wa dhati, nilikuwa nimekipoteza.

Halafu nikaona kitu ambacho kilinifanya niweke daftari chini. Katika hadithi zote nne kuna mwanamume amepotea. Sufi anamtafuta, anampata, na kwenye ukurasa wa mwisho yule mtu anarudishwa kwa mama yake, anakaa mkekani, anakula. Zote nne. Na mwaka huo wa 2012 ndio mwaka ambao kaka yangu alipanda lori la mizigo kwenda kuzamia Afrika Kusini. Alipiga simu mara moja akiwa Tunduma. Mpaka leo hajapiga tena.

Nilikuwa sijui naandika nini. Nilidhani naandika bastola na pikipiki. Miaka yote hiyo natafuta jambo zito la kuandika huko dirishani, kumbe limo sandukuni chini ya mablanketi, na mama alikuwa anataka kulikokea moto.

Sasa niambieni, wenzangu, ningeyachoma ningejuaje?

Mnasema upelelezi si fasihi. Someni historia yenu basi. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapwa mwaka 1960, ni kitabu cha upelelezi, na leo huwezi kuzungumzia riwaya ya Kiswahili ukamruka Bwana Msa. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na hapo vijana wengi wakajua kuwa kitabu cha Kiswahili kinaweza kukunyima usingizi. Hao ndio waliotufundisha kusoma kwa hiari yetu.

Na kurudi nyuma si dalili ya kuishiwa. Shaaban Robert aliandika Maisha Yangu, kisha baadaye akarudi kwenye maisha hayo hayo na kuandika Baada ya Miaka Hamsini. Hakusema lile la kwanza nimeshalimaliza. Alirudi akiwa na umri mwingine na macho mengine.

Hapo kwenye macho ndipo nagombana na kundi la pili, msidhani nimewasahau. Kuna wenzetu wanaofukua madaftari yao na kuyapeleka kuchapwa vile vile yalivyo, na simu zake za miujiza na wasaliti wake warembo, eti ndiyo asili. Huo ni uvivu. Ukirudi ulikotoka ukiwa na macho yale yale, ulikuwa na haja gani ya kukua? Anayechoma na anayechapa bila kugusa wote wamekwepa kazi moja: kukaa chini, kusoma mstari kwa mstari, na kujiuliza nilikuwa nataka kusema nini nikashindwa.

Mimi nimeianza kazi hiyo. Yule kijana wa dirishani nimemtoa nje. Sufi nimempumzisha pamoja na pikipiki yake. Anayetafuta sasa ni mdogo mtu, hana bastola, ana picha moja ya pasipoti, anauliza kwa madereva wa malori na kwa watu waliorudi kutoka kusini. Kuna dada wa kambo mwenye kazi yake na hasira zake. Nimefika ukurasa wa 90. Jumamosi iliyopita nilisoma sura ya tatu kijiweni, na mshikaji mmoja, katika wale wale waliopiga makofi, akanifuata mpaka kituo cha daladala akiuliza: "Sasa anampata au hampati?"

Sijamjibu, kwa sababu sijui. Mama naye ameniuliza hivyo hivyo, maana nimemsomea kidogo. Naye sijamjibu.

Ndugu msomaji, kama una daftari mahali, sandukuni, juu ya kabati, au kwa bibi kijijini, lifuate kabla hujaanza kurasa nyingine 60 za dirishani. Lisome peke yako. Cheka panapochekesha. Ona aibu panapostahili. Kisha angalia ni kitu gani kinajirudia rudia humo bila wewe kujua. Hicho usikipe mtu akakiwashie mkaa.