MAMA KIJACHO, WEMBE WA NINI? (Sehemu ya 6)

Najua. Kanga umeshafua, beseni lipo, sasa unatafuta wembe maana shangazi kasema manesi watakusema ukifika leba hujanyoa.

Tumbo la wiki 38, huko chini hata hupaoni, unanyoa kwa kupapasa! Unajichanja vijeraha vidogo vidogo, bakteria wanapata mlango.

Sisi binadamu tumebaki na vinyweleo laini tu mwilini, siyo kama sokwe, lakini sehemu za siri zinaota nywele nzito. Siyo uchafu hizo. Zinapunguza msuguano na kukinga ngozi laini. Mtoto hazimzuii kupita. Maji na sabuni vinatosha.

Shirika la Afya Duniani tangu 2015 halipendekezi kunyoa akina mama kwa mazoea kabla ya kujifungua. Hata kwa upasuaji, ikibidi, zinapunguzwa kwa mashine, siyo wembe.

Na manesi wenzangu (najua mnasoma), kumsema mama mwenye uchungu kisa nywele ni kukosa adabu. Kaja kuzaa, hajaja kukaguliwa.

Umeshanyoa na pamevimba au panatoa usaha? Njoo kliniki leo, usipake dawa ya meno.