Mizizi ya Okidi na Chupa Isiyo na Jina

Wasomaji wenzangu, na hasa ninyi mliomaliza masomo zamani, bila shaka mnavikumbuka vyungu vya okidi vilivyo katika baraza ya kanisa letu. Vingali pale, vyote 14. Tangu muhula uliopita watu hunisimamisha njiani na kuniuliza kwa nini okidi zilihamishwa vyungu bila kutiwa dawa, na wengine husema wazi kwamba kiranja wa bustani wa mwaka huu ni mvivu. Kiranja huyo ni mimi. Desturi ile iliachwa kwa sababu mimi niliomba iachwe, na yafaa niseme sababu zangu mbele ya wote kuliko kumjibu kila mtu peke yake.

Desturi yenyewe mnaijua. Okidi haiwezi kukaa miaka mingi katika chungu kimoja bila kubadilishiwa makao, kwa kuwa magome ya miti tunayoipandia huoza na kushikamana, hewa ikakosekana, na mizizi ikaanza kufa. Kwa hiyo kila baada ya miaka miwili, maua yakiisha, tunaitoa, tunaisafisha na kuipanda upya. Hapo ndipo dawa ilipoingia. Ilijazwa ndoo ya maji, ikamiminwa dawa ya kahawa kwa kukadiria, na wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili wakapewa kazi ya kuzamisha mizizi ndani na kuisugua kwa mikono. Dawa ilitoka katika chupa ya soda iliyoletwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani kutoka shambani kwake. Aliileta kwa moyo mwema, maana alitaka maua ya kanisa yapone. Lakini chupa haikuwa na karatasi wala jina, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza ndani yake mna nini. Mimi nilipopokea kazi sikuuliza pia.

Mwezi wa Julai mwaka 2024 tulikuwa tumemaliza vyungu tisa, mtoto mmoja wa kidato cha pili akaniambia kichwa kinamwuma. Nilimwambia avumilie, kazi imekaribia kwisha. Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda. Baada ya muda mfupi alianza kutoka jasho jingi na mate yakamjaa kinywani, akatapika, na nyama za mkono zikawa zinamchezacheza zenyewe. Tulimchukua kwenye zahanati. Mwuguzi alimtazama macho, akaona mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, akanusa shati lake lililokuwa na harufu kama ya vitunguu saumu, akauliza, "Mmeshika dawa gani?" Sikuwa na jibu. Hata chupa niliyokimbia kuileta haikuweza kumwambia kitu.

Alidungwa sindano ya atropini, akalala huko siku mbili, akapona. Baadaye tulielezwa kwamba dalili zile ni za sumu za jamii ya oganofosfati, ambazo wakulima wengi huzitumia kuulia wadudu. Sumu hizo huzuia kitu kimoja mwilini ambacho kazi yake ni kuzituliza neva kila zikisha kupeleka habari. Kikizuiwa, neva haziachi kuamrisha: mate, jasho, tumbo, misuli, na mwisho pumzi. Tena hazina haja ya kunywewa. Hupenya katika ngozi, na ngozi iliyolowa maji kwa saa nzima huzipitisha vizuri. Mtu akipatwa, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, apelekwe kwa mganga upesi pamoja na chombo cha dawa, wala asilazimishwe kutapika. Hayo ningalipenda kuyajua mwezi wa Juni.

Sasa nije kwenye mizizi, kwa sababu wako wasemao kwamba kosa lilikuwa mikono mitupu tu: wapeni watoto glavu, kazi iendelee. Mimi nasema kwamba hata mwenye glavu alikuwa anafanya kazi ya bure, na tena anaiharibu okidi anayodhani anaiponya.

Mzizi wa okidi si kama mzizi wa muhindi. Okidi zetu nyingi ni za jamii iishiyo juu ya miti, isiyogusa udongo. Mzizi wake umevikwa koti jeupe la chembe zilizokufa, lililo kama sponji, nalo huyadaka maji ya mvua yapitayo kwenye gome kabla hayajatiririka yakapotea. Mwagieni maji mzizi mkavu mweupe, mtaona kwa dakika moja unageuka kijani, kwa sababu koti limeshiba maji na rangi ya mmea ulio ndani inaonekana. Chombo cha namna hiyo hakichagui. Ukikipa maji kitakunywa maji, na ukikipa dawa kali isiyopimwa kitainywa vile vile na kuishika karibu na nyama ya mzizi.

Kila mara baada ya kuzamisha mizizi katika ndoo ile tuliona ncha zake za kijani, zile ambazo mzizi hukulia kwazo, zimekuwa nyeusi. Daftari la bustani limeandika jambo hilo mara tatu, na kila mara viranja walioandika walisema ni wadudu, kwa hiyo safari ijayo dawa iongezwe. Hakuna aliyefikiri kwamba huenda ni dawa yenyewe iliyochoma ncha. Mwezi wa Februari mwaka 2025 niliomba ruhusa nijaribu vyungu vitatu kwa maji na sabuni tu. Hakuna ncha hata moja iliyokuwa nyeusi. Vyungu vitatu ni vichache, nakubali, lakini vimetosha kunifanya nione mashaka na yale tuliyoyaandika miaka yote.

Basi tunafanyaje? Kazi kubwa ni maji. Okidi hunyweshwa siku moja kabla, ili mizizi ilegee na isivunjike. Chungu kizima huzamishwa katika maji safi kwa saa mbili hivi, na hapo mtaona nani alikuwa anaishi ndani: sisimizi, jongoo, konokono wadogo, wote hupanda juu kutafuta hewa, nasi tunawaokota. (Jongoo aghalabu hula vilivyooza. Sioni sababu ya kumchukia, ila watoto humwogopa.) Kisha magome yote ya zamani hutolewa, hata yale yaliyogandamana katikati, na kupelekwa mbali. Hayarudishwi kamwe, kwa maana mayai ya wadudu yamo humo. Mizizi huoshwa kwa maji yatiririkayo.

Kwa okidi yetu kubwa, ile ya manjano yenye madoa ambayo wataalamu huiita Ansellia africana, kazi ni ndefu zaidi. Hiyo ina mizizi mingine isimamayo kuelekea juu kama sindano, iliyofumana kuwa kiota cha kukamatia majani makavu yaangukayo, nayo huyala yakioza. Ni akili ya ajabu kwa mmea uishio juu ya mti, lakini barazani kiota hicho ni nyumba ya kila mdudu. Hapana njia ila kukaa chini na brashi ya meno na kuwa na subira. Nilitumia asubuhi nzima kwa chungu kimoja.

Mizizi ikisha kuwa safi hukaguliwa. Ulio hai ni mgumu ukiubonyeza, na uliokufa ni laini au mtupu. Ukivuta koti lake linatoka na kubaki uzi mwembamba. Huo hukatwa. Kisu hupitishwa motoni, si mara moja asubuhi bali kila tukimaliza mmea mmoja kabla ya kuugusa mwingine, kwa sababu okidi zina magonjwa ya virusi yasiyo na dawa yoyote, nayo husafiri katika utomvu ulioshika kisuni. Kukipangusa kisu kwa kitambaa hakutoshi. Juu ya kidonda unaweza kupaka unga kidogo wa mdalasini. Usiupake mzizi mzima, kwa maana hukausha, na mzizi mzima hauna kidonda cha kukaushwa.

Wadudu wanaonisumbua hasa ni wale weupe wenye unga kama pamba, wanaojificha katika maungano ya mizizi. Sisimizi huwalinda kwa ajili ya maji matamu wanayoyatoa, kwa hiyo ukiona msafara wa sisimizi unaingia chunguni, chungulia. Hao tunawaogesha kwa sabuni ya mche, kipande kama ukucha wa kidole gumba kilichoyeyushwa katika lita 1 ya maji vuguvugu. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, ni kali mno. Mizizi hukaa humo dakika chache, kisha husuuzwa vizuri. Mmea hupandwa katika makaa yaliyooshwa na magome yaliyomwagiwa maji ya moto na kupoa, hukaa kivulini bila kunyweshwa siku tatu au nne ili vidonda vikauke, na hutengwa na wenzake. Baada ya majuma mawili tunautazama tena, kwa kuwa mayai yaliyopona huwa yamekwisha anguliwa, na ikihitajika tunarudia sabuni.

Hoja yenye nguvu kuliko zote niliyopewa ni hii: wadudu hao weupe ni wakaidi, na iko siku sabuni itashindwa. Ni kweli, itashindwa. Kati ya vyungu 14, viwili vimerudiwa mara mbili na kimoja mara tatu. Siku hiyo ikifika, na mmea ukawa wa thamani, basi itumike dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maua, katika chombo chake cha asili, kwa kipimo kilichoandikwa, na mtu mzima aliyefundishwa kuitumia, nje, na watoto wawe darasani. Lakini mkiniuliza mimi, ningeuchoma mmea. Maneno hayo yaliwaudhi wawili watatu katika mkutano wa bustani, nami siyaondoi. Wala tusifikiri kwamba okidi ikifa tutapanda Mlima Elgon kuchukua nyingine. Juu kule ni hifadhi ya taifa, nazo okidi haziko kule kungoja sisi tuharibu hizi.

Wako pia wazee wetu wasemao, "Sisi tulizamisha mikono na tuko hai." Nawaheshimu, na nashukuru kwamba wako hai. Ila chupa haina jina. Nani ajuaye kama dawa iliyokuwamo siku zao ndiyo iliyokuwamo mwezi wa Julai? Kila mwaka anayeijaza hujaza aliyo nayo.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wanafunzi wa zamani wenye mashamba. Msituletee tena dawa katika chupa za soda. Si kwamba hatutaki msaada wenu. Tunahitaji magunia ya magome makavu, makaa ya vipande vidogo, na brashi za meno zilizochakaa, nyingi mwezavyo. Chupa iliyobaki tumempa bwana shamba, ambaye alikataa hata kuifungua chumbani.

Vyungu vitano vilivyosalia vitahamishwa maua yatakapokwisha, siku ya Jumamosi, baada ya chai. Yule mwenzetu wa kidato cha pili, ambaye sasa yuko cha tatu, amekuja kuomba kazi ya kushika mpira wa maji. Nilidhani hatapenda kuiona okidi tena maishani mwake. Nimempa.