Klabu ya kompyuta ya mtaa itoze ada, na ada isikae kwa simu ya mtu

Hapa tumezoea kuongea kuhusu chama cha akiba, mchango wa harusi na mchango wa matanga. Leo tuongee kuhusu kikundi kisichotajwa sana, kinachoendeshwa kwa pesa kidogo mno: klabu ya watumiaji wa kompyuta. Pengine kuna moja karibu na kwako. Inakutana Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa, kwa maktaba au kwa chumba cha nyuma cha ofisi ya chifu. Kuna kompyuta sita za mezani zilizotolewa na ofisi fulani ilipobadilisha mashine zake, laptopu mbili za wanachama wenyewe, na kijana mmoja fundi ambaye kila mtu humwita daktari.

Nina maoni mawili, na najua la kwanza halitapendwa. Klabu kama hii itoze ada, hata kama ni kidogo. Na ada hiyo isiingie kwa simu ya mtu binafsi, hata mwekahazina awe mwaminifu namna gani.

Kabla ya kufika kwa pesa, tuelewane klabu ni ya nini. Si shule, kwa maana hakuna mtihani wala cheti. Si saiba pia. Saiba unalipa ufanyiwe kazi. Klabuni unakaa na wenzako mpaka uweze kuifanya mwenyewe. Tofauti hiyo utaiona ndogo mpaka ufikirie habari ya nywila.

Chukua mama anayeuza mboga na ambaye anataka kuwasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni, kwa sababu ameambiwa akichelewa kuna faini ya shilingi 2,000. Anaenda saiba. Hana barua pepe, kwa hivyo mhudumu anamfungulia moja papo hapo. Anamchagulia nywila, anaiandika kwa daftari lake, na pale panapoulizwa nambari ya simu ya kurejesha akaunti, anaweka yake yeye mhudumu, maana foleni ni ndefu na kazi iishe haraka. Hana nia mbaya hata kidogo. Lakini kuanzia siku hiyo barua pepe ya yule mama ina wenyewe wawili. Barua pepe hiyo ndiyo atakayotumia akisahau nywila ya iTax. Akiitumia baadaye kujisajili kwa eCitizen, kwa benki au kwa programu ya mikopo, huko nako mlango wa pili umebaki wazi. Na mwaka ujao akirudi apate mhudumu amehama na saiba imegeuzwa kinyozi, hawezi tena kuingia kwa akaunti yake mwenyewe.

Sasa mlete mama huyo klabuni. Anakaa mbele ya kibodi na kuandika kwa kidole kimoja. Itachukua saa nzima, na mtu mwenye haraka atachoka kumtazama. Akifika kwa nywila, anayemfundisha anageuza uso. Hiyo inafaa kuwa kanuni ya kwanza ya klabu yoyote, na iandikwe ukutani kwa kalamu nene. Nambari ya kurejesha akaunti ni ya simu yake. Na siku atakayohitaji huduma ya serikali ya kulipiwa, atalipa mwenyewe kutoka kwa simu yake kwa Paybill 222222, akiweka nambari ya malipo aliyopewa na eCitizen, badala ya kumpa mtu pesa mkononi amlipie na kuongeza juu "ya kazi". Ujumbe wa malipo unabaki kwake. Kukiwa na shida, ushahidi anao.

Sisi huku kazini hutuma SMS kila mara kuwaambia wateja wasimpe mtu PIN. Watu husoma na kufuta. Lakini mtu aliyezoea kuandika nywila yake mwenyewe huku jirani amegeuza uso, huyo hata ukimpigia ukijifanya ofisa wetu atakuuliza PIN unaitakia nini. Naona Jumamosi tatu za klabu zinafanya kazi kuliko jumbe zetu za mwaka mzima.

Kuna kazi nyingine inayosubiri klabu nyingi sasa hivi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Mashine zinawaka kama jana, ndiyo maana wengi hawajashtuka, ila isipojiunga na mpango wa ziada wa masasisho, mashine haipati tena viraka vya usalama. Windows 11 nayo inataka angalau RAM ya GB 4 na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kompyuta nyingi za kupewa ni za zamani kuliko hapo. Hazifai kutupwa. Linux Mint au Ubuntu ni za bure, zinaingizwa kwa flashi moja, na kwa kazi za klabu, yaani kivinjari, barua na hesabu za jedwali, zinatosha kabisa. Fundi mmoja akionyesha kwa mashine ya kwanza, wanachama wanaweza kufanya zilizobaki wakijifunza. Lakini weka nakala za faili za watu kwanza! Na mara nyingi utakuta diski ni ya zamani, inazunguka kwa kelele, na bila kununua SSD mashine itabaki kukokota. Hapo pesa inatakiwa.

Wengi husema klabu ya jamii iwe bure kwa sababu ni ya jamii. Nawaelewa. Lakini stima si ya jamii, tokeni zinanunuliwa. Bando inanunuliwa. Kipanya kikiharibika hakuna mfadhili anayerudi na kipanya. Mtindo tunaoujua ni huu: kompyuta zinaletwa kwa sherehe, utepe unakatwa, picha zinapigwa, na baada ya mwaka mmoja chumba kimefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri.

Vilabu vya watumiaji wa kompyuta vilianza mbali na sisi, Marekani. Machi 1975 watu wachache walikutana kwa gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, kwa ajili ya mashine iliyoitwa Altair 8800, na kikundi hicho kikajulikana kama Homebrew Computer Club. Steve Wozniak alikuwa mmoja wao, na huko ndiko alikowaonyesha wenzake kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I. Lakini kwa hoja yangu mfano mzuri zaidi ni Boston Computer Society, iliyoanza 1977, mmoja wa waanzilishi wake akiwa Jonathan Rotenberg, mtoto wa miaka 13. Ilikua mpaka ikapita wanachama 30,000, watu waliolipa ada na kupata majarida, mikutano, na vikundi vidogo vya kusaidiana kulingana na aina ya mashine mtu aliyokuwa nayo. Ilifungwa 1996. Hata hivyo ni karibu miaka 20 ya watu wa kawaida kufundishana, kwa muundo wa uanachama wa kulipia.

Sisi hatuhitaji watu 30,000. Tuseme mko 24, na kila mtu anatoa shilingi 100 kwa mwezi. Hiyo ni 2,400 kila mwezi, 28,800 kwa mwaka. Utanunua tokeni na bando, na ukibana kidogo, SSD moja moja mpaka mashine zote ziwe sawa. Na kuna faida nyingine ambayo si ya pesa. Aliyetoa mia yake ana ruhusa ya kuuliza kwa nini kompyuta nambari tatu haijatengenezwa tangu Machi. Asiyetoa chochote husema asante na kunyamaza.

Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba ada itawafukuza wale wale wanaohitaji klabu zaidi: kijana aliyemaliza kidato cha nne anayesubiri kujaza fomu za KUCCPS na HELB, mzee anayefuatilia pensheni. Siwezi kuipuuza. Jibu langu ni kwamba wawe na njia nyingine ya kulipa. Kijana aje saa moja mapema afute vumbi na kupanga waya, au amfundishe mzee kutumia kipanya. Mwingine atoe shilingi 20 siku anayokuja tu. Asiye na mia asifukuzwe, lakini kazi yake iandikwe kwa daftari kama kazi, isiandikwe kama pesa iliyolipwa. Hesabu zikichanganywa hapo, mwisho wa mwaka hakuna atakayejua zilikuwa ngapi.

Sasa la pili, na hili naliona kila siku kwa kazi yangu. Klabu zinazokusanya ada mara nyingi hukusanya hivi: "Tuma kwa nambari ya Mary, yeye ndiye mwekahazina." Mary ni mtu mzuri. Lakini kwa laini yake kuna karo, kodi ya nyumba, pesa aliyotumiwa na dadake, na mia mia zenu. Kama alikuwa amechukua ovadrafti ya simu, pesa inayoingia inakatwa kwanza kulipa deni hilo. Watu kumi wametuma mia mia, ambayo ni 1,000, na salio linaonyesha 140. Mary hajaiba. Mfumo umefanya ulichoundwa kufanya, na sasa Mary anatafuta 860 kabla ya Jumamosi na haya imemjaa.

Au mtoto anaugua usiku, na pesa iliyo karibu ni hiyo. Nitarudisha Jumatatu. Au tapeli anabadilisha laini yake na kuimaliza. Au, Mungu aepushe, Mary anafariki, na pesa yote kwa laini yake inahesabika kuwa mali ya marehemu inayofuata utaratibu wa mirathi. Je, mtamwendea mjomba wake na daftari katikati ya matanga mkidai 2,400? Hamtaenda. Klabu itakufa kimya kimya, na watu watasema watu wetu hawapendi kompyuta.

Njia ya kutoka inajulikana. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inaruhusu kikundi cha watu wasiopungua kumi kujisajili kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mtahitaji katiba yenu, kumbukumbu za mkutano uliokubali kujisajili, na orodha ya wanachama na viongozi. Mkishapata cheti, fungueni Till, Paybill au akaunti kwa jina la kikundi, na muweke watu zaidi ya mmoja wa kuidhinisha pesa kutoka. Mwanachama akilipa, jina analoliona kwa simu ni la klabu, si la Mary. Wacha nikuambie wazi: kampuni yetu hupata ada kutokana na huduma za vikundi, kwa hivyo pokea ushauri huu ukijua hilo. Hata mkipeleka pesa kwa Sacco au benki, hoja yangu ni ile ile, kwamba isikae kwa laini ya mtu. Kama bado hamjafika kumi, tafuteni laini tofauti isiyokopewa kitu, na taarifa yake ya miamala isomwe kwa sauti kila mkutano.

Kusoma taarifa nasisitiza, kwa sababu siku hizi "nimelipa" hutumwa kama picha ya ujumbe kwa kundi la WhatsApp. Picha hiyo mtu anaweza kuitengeneza kwa dakika mbili, na klabu yenu imejaa watu mnaowafundisha kompyuta! Mwekahazina alinganishe nambari ya muamala na taarifa halisi. Na manunuzi nayo, lipeni duka moja kwa moja kwa Till yake badala ya kutoa pesa taslimu, ndiyo kila shilingi iache alama ilikoenda.

Jambo dogo la pembeni: orodha ya wanachama ina nambari za vitambulisho na simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu habari kama hizo. Msipige picha ya orodha na kuitupa kwa kundi, hata kama mnataka tu kuonyesha nani hajalipa.

Mkutano wenu ujao, kabla ya ajenda nyingine, ombeni mwekahazina asome salio na ataje liko kwa laini ya nani. Kisha chagueni wawili wa kwenda ofisi ya maendeleo ya jamii wiki hiyo hiyo, mchange nauli yao, na fundi wenu aorodheshe mashine zilizobaki na Windows 10 pamoja na ukubwa wa RAM ya kila moja. Ritani za mwaka zikianza kuwasha watu mwezi wa tano, chumba kiwe wazi na mashine ziwe zinawaka.