Mstari Mmoja wa Mwaka 1998

Katika orodha ya washindi wa Kombe la Klabu Bingwa za Afrika Mashariki na Kati, mwaka 1998 umepewa mstari mmoja tu: Rayon Sports ya Rwanda mabao 2, Mlandege ya Zanzibar bao 1. Msomaji wa Nairobi au Kampala huupita mstari huo bila ya kusita. Sisi wa Visiwani hatuna haki ya kuupita. Tangu Simba ya Dar es Salaam ilipolitwaa kombe hilo mwaka 1974, hakuna klabu nyingine ya Unguja wala ya Pemba iliyopata kusimama katika fainali yake. Ni Mlandege peke yake, na ni mara ile moja.

Ifahamike vyema ni mashindano ya namna gani hayo. Humo ndimo AFC Leopards ya Kenya ilimotawala miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Humo ndimo walimopita Gor Mahia, Villa ya Uganda na El Merreikh ya Sudan, klabu zenye wanachama wengi na mifuko isiyokauka upesi. Mlandege haikuwa na nguvu za namna hiyo. Si timu ya kikosi, kama zilivyo KMKM na JKU ambazo wachezaji wake huvaa sare na kupokea mshahara wa Serikali. Wala si timu ya shirika. Ni timu ya mtaa wa Ng'ambo, yenye kubeba jina la mtaa wake.

Mwaka wenyewe nao haukuwa mwepesi. Mvutano uliozaliwa na uchaguzi wa 1995 baina ya Chama Cha Mapinduzi na CUF ulikuwa bado haujapoa, na muafaka wa kwanza haukutiwa saini mpaka 1999. Wenye kukumbuka zama zile wanajua kwamba walikuwako watu wasiozikana na wasionunua katika duka moja. Katika hali hiyo, timu iliyowafanya watu wa pande zote mbili waombe dua moja ilikuwa imetenda jambo ambalo mikutano mingi ya hadhara haikuliweza. Viongozi wa siasa, na mwandishi huyu ni mmoja katika watumishi wa Chama, aghalabu huchelewa kuliona hilo.

Kombe hili limechezwa Zanzibar si chini ya mara tano. Mwaka 1975 Young Africans waliifunga Simba mabao 2 kwa 0. Mwaka 1983 AFC Leopards waliifunga Admarc Tigers ya Malawi mabao 2 kwa 1. Mwaka 1992 Simba na Young Africans walikutana tena hapa, wakatoka 1 kwa 1, na Simba ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Ikaja 1998, kisha 2002 Simba ikaishinda Prince Louis ya Burundi bao 1 kwa 0. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika fainali hizo tano mwenyeji alikaribia kupona mara moja tu. Mara nne alifagia uwanja, akakata tiketi, akapigia makofi furaha ya wengine.

Linganisheni na waliotufunga. Rwanda ya 1998 ilikuwa nchi iliyotoka katika mauaji ya kimbari miaka minne tu nyuma. Miaka miwili kabla, mwaka 1996, klabu yake ya APR ilikuwa imefika fainali Dar es Salaam ikafungwa na Simba bao 1 kwa 0. Ushindi wa Rayon Sports hapa kwetu ndio uliokuwa wa mwanzo kwa klabu ya nchi ile. Hawakuuacha ukabaki mstari mmoja. APR ililichukua kombe mwaka 2004, ikalichukua tena 2007 na 2010, na baina yake ATRACO ikalichukua 2009 mjini Khartoum. Fauka ya hayo, mwaka 2002 Rais Paul Kagame alianza kuyadhamini mashindano, na tangu hapo kombe linaitwa kwa jina lake. Mwaka huo huo wa 2002 fainali ilichezwa Zanzibar. Yaani waliotushinda kwa tofauti ya bao moja walirudi kwao wakajenga. Sisi tulibaki na viti vya wageni.

Hatusemi kwamba Serikali imekaa kimya. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, zama za Mzee Abeid Amani Karume, kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, katika wakati ambao visiwa vingi vya ukubwa wetu havikuota kuwa na uwanja kama huo. Umefanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya Disemba 2023. Agosti 2025 kundi zima la mashindano ya CHAN, lenye Senegal, Nigeria, Sudan na Congo, lilicheza hapo. Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zilipewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, na kila afisa wa michezo Visiwani anazungumzia fursa. Sifa hizo ni za haki. Lakini zege halifungi bao. Uwanja ni mali ya wanaokuja kuutumia, na anayekuja akiwa ameandaliwa huutumia vizuri kuliko mwenye funguo.

Hapa pana jambo ambalo husemwa barazani na halisemwi ofisini. Katika kila mtaa wa Unguja na Pemba, mtoto wa miaka saba anajua yeye ni Simba au ni Yanga kabla ya kujua timu ya mtaa wake. Jezi za klabu mbili za Kariakoo huuzwa Darajani kama njugu. Jezi ya Mlandege au ya Malindi huipati mpaka umjue mtu. Hatuwalaumu wapenzi, kwa maana mapenzi hayatolewi kwa amri ya Chama. Tunauliza tu, hizo klabu zetu zimempa nini mpenzi cha kushika mkononi? KMKM ilikuwa bingwa wa Muungano mwaka 1984. Malindi ilikuwa bingwa wa Muungano mwaka 1989 na tena 1992, mbele ya hao hao Simba na Yanga. Ni vijana wangapi wa skuli leo wanaoyajua haya? Kijana hawezi kujivunia asichopata kuambiwa.

Na hapo ndipo mstari mmoja wa 1998 unapogeuka kuwa shauri la fedha na si la kumbukumbu tu. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA za uhamisho zimeweka fungu la asilimia 5 ya malipo ya mchezaji anayeuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, ligawiwe klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Klabu ndogo za Afrika Magharibi zimefaidika kwa fungu hilo. Ila fungu halitolewi kwa maneno. Hutolewa kwa karatasi: lini kijana alisajiliwa, na nani, akatoka lini. Zanzibar si mwanachama wa FIFA kwa nafsi yake. Uanachama kamili wa CAF tuliupata Machi 2017 na tukanyang'anywa Julai mwaka huo huo. Njia ya kudai haki yetu, basi, ni ndefu kuliko ya wenzetu, na mwenye safari ndefu ndiye anayehitaji zaidi karatasi safi. Klabu isiyoweza kutaja kikosi chake cha fainali itawezaje kutaja mtoto aliyecheza Central miaka kumi iliyopita?

Vipaji havijakatika. Nadir Haroub alitoka hapa akawa nahodha wa Young Africans na wa timu ya Taifa. Feisal Salum alitoka JKU, na leo Bara nzima inamjua. Timu yetu ya Zanzibar ililitwaa Kombe la Chalenji nchini Uganda mwaka 1995 kwa kuwafunga wenyeji bao 1 kwa 0, na mwaka 2017 ilifika tena fainali kule Machakos, ikatoka 2 kwa 2 na Kenya na kushindwa kwa penalti tu. Ajabu iliyoje kwamba wachezaji wa Zanzibar wakikusanywa kwa wiki tatu hufika fainali, lakini wakiwa katika klabu zao mwaka mzima hawafiki. Jawabu halimo miguuni mwao. Limo katika uongozi wa klabu: katibu asiye na afisi, mweka hazina asiye na daftari, na uchaguzi wa viongozi unaogombewa kwa hamasa kuliko ligi yenyewe. Wengine katika hao ni makada wenzetu, na insafu yatutaka tuwataje kwa kazi zao hata kama hatuwataji kwa majina.

Mlandege yenyewe imetuonesha kwamba mlango haujafungwa. Januari 2023 iliifunga Singida Big Stars mabao 2 kwa 1 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi. Januari 2024 ilirudi katika fainali ile ile na kuifunga Simba bao 1 kwa 0. Wapo waliosema ni bahati. Bahati huja mara moja. Kombe moja likichukuliwa miaka miwili mfululizo, mara ya pili mbele ya klabu tajiri kabisa, hapo pana kazi iliyofanywa na watu. Watu hao waulizwe walifanya nini, na majibu yao yaandikwe.

Wachezaji wa Mlandege waliocheza fainali ya 1998 sasa ni watu wazima wa miaka arubaini na kitu na hamsini na kitu. Wengi wangali hai, Mungu awape umri. Baadhi yao utawapita njiani usijue. Baraza la Taifa la Michezo na Shirikisho la Mpira wa Miguu wanazo ofisi, wanao makarani, na hawahitaji bajeti ya Baraza la Wawakilishi ili kumtuma kijana mmoja na daftari aende Mlandege jioni, wakati wazee wameshakaa. Aandike majina kumi na moja na ya akiba. Amwandike mwalimu. Amwandike aliyefunga lile bao letu moja, alilifunga dakika ya ngapi na kwa mguu gani. Akimaliza Mlandege avuke aende Malindi na swali lile lile kuhusu 1989 na 1992, kisha apande boti aende Pemba. Orodha hizo zibandikwe katika ukumbi wa uwanja wa Amaan, mahali wanapopita wachezaji wakiingia kiwanjani, kabla ya wageni wa 2027 hawajafika kuning'iniza picha zao.